Panki Iliyopigwa Pasi: Blondie na Albamu ya Parallel Lines

Kisanduku chenyewe ni kidogo, ungeweza kukipakata. Kampuni ya Roland ya Japani ilikiingiza sokoni mwaka 1978 kwa jina la CompuRhythm CR-78, na kazi yake ilikuwa ya kawaida tu: kumsindikiza mtu anayepiga kinanda peke yake, asiye na mpiga ngoma. Ukibonyeza kitufe cha valsi, kinapiga valsi. Ukibonyeza cha bosanova, kinapiga bosanova, bila kuchoka wala kukimbia. Katikati ya mwaka huohuo, ndani ya studio ya Record Plant jijini New York, kisanduku hicho kiliwashwa mbele ya watu sita waliokulia kwenye baa iliyovuma kwa uchafu wa vyoo vyake, wakaambiwa wapige nacho sambamba, pigo kwa pigo.

Watu hao ni bendi ya Blondie, na wimbo ni Heart of Glass. Mapema mwaka 1979 ulikaa kileleni Uingereza wiki nne, na Aprili ukashika namba moja Marekani. Albamu iliyoubeba, Parallel Lines, ni moja ya kazi safi kabisa za pop za enzi ile. Safi mno, kwa kweli. Mara ya kwanza kuusikia wimbo huo, kwenye redio ya daladala, nilidhani ni ABBA. Nilipoambiwa baadaye kwamba waimbaji ni zao la CBGB, ile baa ya vyoo vichafu iliyowatoa pia Ramones, bendi ya panki, nilifikiri nataniwa. Panki ilipotelea wapi humu?

Majibu yanayozagaa ni mawili. La kwanza: Blondie walikuwa wapanki, wakanusa fedha, wakajiuza. La pili: hawakuwahi kuwa wapanki hata siku moja, walikuwa wapita njia tu waliokosa ukumbi mwingine. Nadhani yote mawili yanakosea pale pale, kwa kuchukulia kwamba panki ni aina ya sauti: gitaa linalokwaruza, ngoma za mbio, mtu anafoka. Sauti hiyo ilikuja kuwa sare baadaye, hasa baada ya London kuidaka. Kule New York ilikozaliwa, panki ilikuwa kwanza mtaa, tena mtaa wenye njaa.

Hilly Kristal alifungua CBGB Desemba 1973, namba 315 barabara ya Bowery, eneo ambalo wakati ule lilikuwa la walevi na nyumba za kulala za bei ya kutupa. Herufi hizo nne zilisimama badala ya country, bluegrass na blues, miziki ambayo haikushamiri humo hata kidogo. Jiji lenyewe lilikuwa hoi. Oktoba 1975 gazeti la Daily News lilipamba ukurasa wa mbele kwa kichwa kikubwa kilichosema Rais Ford ameliambia jiji likafie mbali. Ford hakutamka maneno hayo, ila alikuwa ametangaza kwamba serikali kuu haitaliokoa jiji lisifilisike, na wakazi walielewa maana yake. Wenye uwezo walishahamia vitongojini, majengo yamebaki matupu, kodi iko chini. Msanii asiye na kitu aliweza kuishi katikati ya Manhattan, na hilo peke yake linaeleza mengi kuliko nadharia yoyote ya muziki. Kristal naye hakuwa na masharti mengi. Alilosisitiza ni kwamba bendi ipige nyimbo zake yenyewe, sio kuiga zinazovuma redioni.

Sasa hebu pitia waliopanda jukwaa lile kati ya 1974 na 1976. Television walikuwa na magitaa mawili yanayosukana kwa dakika kumi. Patti Smith alikuwa mshairi aliyejiongezea bendi. Talking Heads walivaa mashati ya wanafunzi nadhifu na kupiga muziki wa woga wenye besi ya kuchezeka. Ramones walimaliza wimbo kabla hujapata pa kusimama. Hakuna mawili yanayofanana hapo. Jarida lililoitwa Punk lilianza mtaani humo kuelekea 1976, likawapa wote jina la pamoja kama vile mwenye nyumba anavyowapa wapangaji namba za vyumba.

Kingine walichoshirikiana, na hiki husahaulika, ni mapenzi ya nyimbo fupi za vijana za miaka ya mwanzo ya 1960. Roki ya wakubwa ilikuwa imegeuka muziki wa viwanja vya mpira na solo zisizoisha. Kwa vijana wa Bowery, wimbo wa dakika mbili na nusu kuhusu mvulana aliyekataliwa na wazazi ulikuwa na ukweli zaidi. Hata Ramones, ukiwavua kelele, chini unakuta muziki huo. Albamu yao ya kwanza ya mwaka 1976 ina Let's Dance, wimbo wa Chris Montez wa mwaka 1962, na baadaye walirekodi albamu nzima na Phil Spector, aliyewatengenezea Ronettes nyimbo zao. Pop ilikuwa imejaa ndani ya panki tangu siku ya kwanza. Blondie hawakuileta kutoka nje.

Debbie Harry alizaliwa 1945. CBGB inafunguliwa, yeye ana miaka 28, tayari ameonja mengi: ameimba kwenye kikundi cha nyimbo za folk, amekuwa katibu katika ofisi ya BBC ya New York, amehudumia meza kwenye klabu ya Playboy na pale Max's Kansas City walikokunywa wasanii. Kisha akaingia Stilettoes, kikundi cha wanawake watatu walioimba kwa mtindo wa vikundi vya wasichana vya zamani, nusu kwa mapenzi na nusu kwa kejeli. Chris Stein akaja kupiga gitaa humo, wakawa wapenzi, na mwaka 1974 wakaondoka kuanzisha bendi yao.

Jina la bendi lilitoka barabarani. Madereva wa malori walimpigia kelele za kumtongoza wakimwita kwa rangi ya nywele zake, nywele ambazo hata hazikuzaliwa hivyo, zilitiwa dawa. Akalichukua neno lile la dharau, akalibandika jukwaani. Kwangu mimi panki ya Blondie yote iko kwenye kitendo hicho: unachukua kitu rahisi kinachobezwa na watu wenye hadhi, unakivaa makusudi, mpaka anayekubeza hajui tena kama acheke au acheze. Mwaka 1974 muziki wa wasichana wa zamani ulikuwa takataka machoni pa wapenzi wa roki nzito. Miaka minne baadaye takataka mpya ilikuwa nyingine, nayo tutaifikia.

Albamu ya kwanza ilitoka mwishoni mwa 1976. Waliyemchagua kuisimamia ni Richard Gottehrer, mmoja wa watunzi wa My Boyfriend's Back, wimbo wa kundi la Angels wa mwaka 1963. Mtu anayetaka vurugu tupu hamtafuti mzee huyo. Singo ya kwanza, X Offender, inasimulia kahaba anayempenda polisi aliyemkamata, ila imepigwa kama wimbo wa mapenzi wa sekondari, kinanda kikimetameta. Tena kuna kisa cha Australia: mwaka 1977 kipindi cha televisheni cha Countdown kilikusudia kuonyesha X Offender, kikakosea kikaonyesha In the Flesh, wimbo wa polepole wa kubembeleza, na ukapanda hadi namba mbili. Mwaka uliofuata Denis, wimbo wa zamani walioubadilisha kidogo jina, ukafika namba mbili Uingereza. Kwa hiyo kabla hata ya Parallel Lines, kila walipofaulu walifaulu kwa pop.

Katikati ya mambo hayo likazaliwa neno wimbi jipya, kwa Kiingereza new wave. Sex Pistols walikuwa wametukana kwenye televisheni ya Uingereza Desemba 1976, na jina la panki likawa sumu kwa redio za Marekani. Seymour Stein wa kampuni ya Sire akaanza kuzinadi bendi zake kama wimbi jipya, neno lililoazimwa kwa watengeneza filamu wa Ufaransa. Ni lebo ya dukani. Haikubadilisha noti hata moja, lakini ilifungua milango, na wenye akili waliingia.

Turudi studio, maana hapo ndipo mabadiliko ya kweli yalipotokea. Chrysalis, kampuni iliyonunua mkataba wa Blondie, ilimleta Mike Chapman, Mwaustralia ambaye pamoja na Nicky Chinn alikuwa amezijaza chati za Uingereza nyimbo za Sweet, Mud na Suzi Quatro. Fundi wa kiwandani, asiyeona aibu kutaka wimbo uuzike. Miaka baadaye alisema waziwazi kwamba upande wa upigaji aliikuta bendi hovyo. Tatizo hakuliona kwenye nyimbo. Nyimbo zilikuwepo tele. Aliona kwamba kila mtu anafuata saa yake mwenyewe.

Jambo hili linahitaji maelezo kidogo, kwa sababu mtu ambaye hajasimama studio hudhani muziki safi ni suala la vifaa. Kwenye baa, bendi ikikimbia kidogo kiitikio kinapofika, ni utamu. Damu imechemka, watu wanaruka. Kwenye santuri, utakayoisikiliza mara mia, kule kukimbia kunakuwa kama kigulu cha meza inayoyumba: ukishakigundua, husikii kingine. Clem Burke, mpiga ngoma, alimhusudu Keith Moon wa The Who, mtu ambaye nafasi tupu ndani ya wimbo aliiona kama deni la kulipa. Chapman akamdai kinyume chake. Aliwarudisha wote mwanzo, kipande kwa kipande, mpaka besi ya Nigel Harrison na ngoma za Burke zikaanguka mahali pamoja kila mara. Kampuni ilikuwa imetenga miezi sita. Kazi ilikwisha katika muda wa wiki sita hivi.

Sikiliza matokeo kwenye wimbo wa kwanza, Hanging on the Telephone. Simu inalia, mlio wa Kiingereza wa mara mbilimbili, kisha Harry anaingia bila hodi, bila ala kumtangulia. Wimbo wenyewe ulitungwa na Jack Lee wa The Nerves, bendi ya watu watatu iliyouweka kwenye santuri ndogo mwaka 1976 na kuishia kujulikana na wachache. Blondie waliupata kwenye kaseti. Wanasimulia kwamba waliupiga ndani ya teksi jijini Tokyo, dereva akaanza kugonga vidole kwenye usukani, nao wakajua. Lee naye alisimulia kwamba siku Harry alipompigia kumwambia wanauhitaji wimbo wake, alikuwa hana hela na jioni hiyo simu ilikuwa ikatwe. Mtunzi wa wimbo wa simu!

Ukilinganisha rekodi hizo mbili, mpangilio ni karibu uleule. Blondie hawakuongeza madoido. Walichoongeza ni mkazo: kila kitu kimevutwa kama kamba ya kuanikia nguo, na sauti ya Harry inapiga mayowe ya kung'ang'ania bila kutoka nje ya pigo. Nguvu ya panki ipo yote, imefungwa tu mahali pasipovuja.

One Way or Another ni hivyohivyo. Vijana wengi wanaujua kwa One Direction, walioutumia mwaka 2013 kwa ajili ya hisani, wakitabasamu. Chanzo chake hakina tabasamu. Harry aliuandika kutokana na mpenzi wa zamani wa New Jersey aliyekuwa akimfuatafuata mpaka akalazimika kuhama. Katika wimbo amejivika nafasi ya yule mwindaji, anakoroma, anacheka, na mwisho ving'ora vinalia. Ukiuimba kwenye karaoke jirani atakupigia makofi, hajui kwamba umemtishia mtu.

Sasa Heart of Glass. Wanaosema bendi iliuvamia mtindo uliokuwa ukiuza mwaka 1978 wanaruka jambo moja: wimbo ulikuwepo tangu 1975. Ulirekodiwa kwa majaribio mwaka huo ukiitwa Once I Had a Love, na wenyewe waliuita wimbo wa disko, ukiwa umechochewa na Rock the Boat ya Hues Corporation. Waliupiga CBGB. Waliujaribu hata kwa reggae. Haukukaa, wakauweka kabatini. Chapman alipowataka wampigie kila walichonacho, ukaletwa pamoja na mengine, na alipomuuliza Harry ni msanii gani anampenda, akamjibu Donna Summer, mwimbaji wa disko. Wala hakuwa akimfurahisha bosi: Mei 1978 Blondie walikuwa wameupiga wimbo wa Donna Summer, I Feel Love, ndani ya CBGB, kwenye tamasha la kumchangia mpiga ngoma wa bendi ya Dead Boys aliyechomwa visu. Fikiria ukumbi ule, jaketi za ngozi zimejaa, na bendi inapiga disko lililotengenezwa Munich, Ujerumani.

Kurekodi kulianzia kwenye kisanduku. Mapigo yake yalipelekwa kwa waya hadi kwenye sinthesaiza ya Roland, yaani kinanda kinachounda milio kwa umeme, ili kisanduku kikigonga, sinthesaiza nayo itoe mlio papo hapo. Hakukuwa na kompyuta ya kusogeza noti iliyochelewa. MIDI, lugha inayounganisha vyombo vya elektroniki, ilifika 1983. Ukikosea unarudisha utepe nyuma. Kisha ikaja zamu ya Burke, na hapa ndipo ninapomwonea huruma. Hakuruhusiwa kupiga seti yake nzima. Alirekodi ngoma ya mguu peke yake, toka mwanzo wa wimbo hadi mwisho, halafu ngoma nyingine na matoazi vikapangwa juu yake kwa awamu. Ni kama kumwambia winga leo utacheza kwa mguu wa kushoto tu, wa kulia tutaurekodi kesho. Juu ya yote hayo Harry akaimba kwa sauti ya juu, nyembamba, isiyolia wala kubembeleza, ikisimulia penzi lililoharibika kama mtu anayekusomea risiti.

Katika santuri wimbo huo uliwekwa upande wa pili, wa kumi kati ya kumi na miwili. Marekani haukuwa hata singo ya kwanza. Walianza na wimbo wa Buddy Holly, ukazama. Watu waliokusudia kujiuza hawafichi bidhaa nyuma ya duka. Lakini sitaki kuwatakasa kupita kiasi. Disko ilikuwa inauza, Chapman alitaka namba moja, na hakuna aliyerudisha hundi. Ndani ya bendi yenyewe hawakuwa kauli moja. Burke aligoma mwanzoni kuupiga jukwaani, wimbo ukalipuka, akaona heri yaishe.

Ugomvi uliofuata unafahamika kwa yeyote aliyeshuhudia kinanda cha umeme kikiingia kwenye taarab. Wa Bowery walinuna: wamesaliti. Ila tazama hali ya Marekani wakati huo. Tarehe 12 Julai 1979, miezi michache baada ya Heart of Glass kushika namba moja, mtangazaji wa redio aliwakusanya maelfu ya watu kwenye uwanja wa Comiskey Park jijini Chicago, wakalipua kasha la santuri za disko katikati ya mechi mbili za besiboli. Umati ukavamia uwanja, mechi ya pili haikuchezwa. Muziki uliokuwa ukichomwa ulilelewa kwenye klabu za watu weusi, Walatino na mashoga, na si kila aliyeshangilia moto ule alikuwa na hoja ya kisanii. Kwa mpenzi wa roki wa mwaka 1978, kuichukia disko ndiyo ilikuwa sare, na Blondie walikataa kuivaa. Hii ndiyo takataka mpya niliyoitaja: walifanya kwa disko kile walichokifanya kwa vikundi vya wasichana na kwa kelele za madereva.

Jalada la albamu, lile la mistari myeusi na myeupe, wanaume watano wanatabasamu kwa suti nyeusi na Harry amekunja uso kwa gauni jeupe, lilikuwa wazo la meneja, na bendi ililichukia. Mimi nalipenda. Wanaume wanacheka, na mwanamke ambaye kila mpiga picha alimtaka atabasamu amegoma.

Baadaye waliendelea na mchezo uleule: The Tide Is High kutoka Jamaika, kisha mwaka 1981 Rapture, wimbo wa kwanza wenye kipande cha rapu kufika namba moja Marekani. Mwaka 2024 Maktaba ya Bunge la Marekani iliiingiza Parallel Lines kwenye orodha ya rekodi za kuhifadhiwa. CBGB yenyewe ilifungwa Oktoba 2006.

Ukipata nafasi, weka Heart of Glass, na ifike kwenye kile kipande cha ala tupu cha katikati. Hesabu kwa kidole mezani. Miguu ya mcheza disko hutegemea nne na nne, nne na nne, ndiyo maana inaweza kucheza huku kichwa kinawaza bili ya umeme. Hapa utahesabu nne, kisha tatu, na muziki umeshaanza upya. Saba. Pigo moja limeibwa, na aliyekuwa akizunguka sakafuni kwa raha zake anajikuta mguu hewani. Inarudiwa mara kadhaa, kisha wimbo unasawazika kama vile hapakutokea kitu. Chapman, aliyemkatalia Burke hata kupiga ngoma mbili kwa pamoja, mkunjo huo aliupita na pasi yake mkononi, akauacha.